Mkono wa Kulia Uliolala

Jioni, jua linapozama ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza na majabali ya mji yakageuka rangi, si vigumu kumkuta kijana ameketi juu ya jiwe huko Capri Point au upande wa Kirumba, amepakata gita. Gita lenyewe ni kavu, yaani lisilo la umeme, lile ambalo baadhi ya wazee bado huliita galatoni. Kijana huyu anajua kodi tatu. (Msomaji asishtuke, hizi si kodi za serikali. Ndivyo wanamuziki wetu wanavyoyaita mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja.) Mkono wake wa kushoto huhama kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya tatu, kisha hurejea nyumbani. Mkono wa kulia hushuka na kupanda juu ya nyuzi zote sita kama mtu afagiaye uwanja. Akiimba wimbo wa dini, mkono ni ule ule. Akiimba wimbo wa mapenzi uliotoka Marekani, mkono ni ule ule. Lakini akijaribu wimbo ambao bibi yake alimwimbia kwa Kisukuma, mambo huharibika. Wimbo unakwenda huku, kodi zinakwenda kule. Hujaribu mara mbili, mara tatu, halafu huliweka gita kando na kusema, "Wimbo huu hauingii kwenye gita."

Makala haya yameandikwa kuipinga sentensi hiyo.

Sisemi kwamba kijana anadanganya. Kwa kadiri ya alivyofundishwa, anasema kweli tupu. Mwongo ni yule aliyemfundisha, na aliyemfundisha ni mimi na wewe, mwalimu mwenzangu. Nimefundisha muziki kwa miaka mingi katika shule za sekondari za kandokando ya ziwa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilihesabu kazi yangu kuwa imekamilika pindi mwanafunzi alipoweza kubadilisha kodi tatu bila kukatisha wimbo. Nilimpa alama nzuri. Nilimpandisha jukwaani siku ya mahafali. Wazazi walishangilia, na mkuu wa shule alinipa mkono. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyimbo kumi tofauti zilitoka mikononi mwa mtoto yule zikiwa na sura moja.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja tu baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba ile aliwasuta wasomi wa siku zile, naye mwenyewe akiwamo, kwamba wengi wao waliweza kupiga gita na piano na vyombo vingine vya Kizungu, lakini ni wachache mno walioweza kupiga ngoma za Kiafrika. Lawama ile ilikuwa ya haki, na ingali ya haki. Hata hivyo nimekutana na walimu wenye nia njema ambao waliitafsiri vibaya. Wao walihitimisha kwamba gita ni alama ya kasumba, kwamba mahali pake ni baa na kanisani, na kwamba mwenye kupenda utamaduni wa taifa halina budi kumtoka mikononi. Hivyo wakashika ngoma, jambo ambalo ni jema, na wakaliacha gita liendelee kufagiwa, jambo ambalo si jema hata kidogo.

Nami nathubutu kusema, kwa heshima zote kwa Mwalimu, kwamba katika jambo moja alitupa sifa tusiyoistahili. Alisema tunajua kupiga gita. Wengi wetu hatukujua, na hatujui hadi leo. Tunajua kulishika na kulifagia.

Tofauti hiyo niliijua kwa aibu. Nilikuwa safarini kwenda Nansio kwa meli, nami kwa kuondoa uchovu nikatoa gita langu na kuanza kulifagia kama ilivyo desturi yangu ya zamani. Kando yangu aliketi mzee mmoja wa Ukerewe, akiwa na kikapu cha machungwa miguuni. Alisikiliza kwa adabu nyimbo mbili nzima. Ya tatu ilipoanza akasema, "Mwalimu, samahani. Huo mkono wako wa kulia umelala." Nikacheka, nikamwambia, "Basi uamshe wewe, baba." Alilipokea gita, akaligeuza na kulilaza mapajani kama mtu alazaye mtoto, akalegeza nyuzi mbili, akazisikiliza, akalegeza tena moja. Kisha akaanza kudonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti nzito ilitembea polepole kama mtu apigaye kasia, na juu yake sauti nyembamba ikawa inasema maneno. Naapa, ilikuwa kama inasema maneno. Abiria waliokuwa wakizozana juu ya mizigo walinyamaza. Alipomaliza alinirudishia gita langu akaniambia kwamba yeye hajui gita. Baba yake alikuwa mpigaji wa nanga, naye alichofanya ni kuifuata nanga tu.

Kuanzia siku ile nilianza kuvitazama upya vyombo vya nyuzi vya ziwa hili, na ninamwomba msomaji avitazame pamoja nami. Magharibi mwa ziwa, kwa Wahaya, na katika kisiwa cha Ukerewe, kuna nanga. Ni gogo lililochongwa likawa na bonde katikati kama chano kirefu, na juu yake uzi mmoja umepitishwa huku na huku hata ukawa nyuzi saba au nane. Kwa chombo hicho manju wa Kihaya waliimba tendi ndefu za mashujaa, kama vile ule wa Rukiza na ule wa Kachwenyanja, ambazo Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti na kuzitambulisha kwa wasomi wa dunia. Mashariki mwa ziwa Wakuria wana litungu, na Wajaluo wana nyatiti, vyote vya nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti huketi chini karibu na ardhi. Mkono mmoja hushughulikia nyuzi nne na mkono wa pili nyuzi nne zilizobaki. Kidoleni mwa mguu huvaa pete ya chuma ambayo hugonga ubao wa chombo, na mguuni hufunga njuga. Wakati huo huo anaimba, anasifu, anatania, anamtaja mwenye nyumba na ng'ombe wake. Mtu mmoja ni bendi nzima.

Sijapata kumwona mpigaji wa nanga au wa nyatiti akizifagia nyuzi zote kwa pigo moja, tena na tena, huku akingoja sauti yake ya kuimba ifanye kazi yote. Kwao kila uzi ni mtu mwenye zamu yake ya kusema. Uzi mnene unauliza, mwembamba unajibu. Mmoja unanyamaza ili mwingine usikike. Muziki umo ndani ya vidole, na kuimba ni mgeni anayekaribishwa juu yake. Sisi tumegeuza: kuimba ndiko muziki, na gita ni mkongojo wa kuegemea. Ndiyo maana wimbo wa bibi hauingii. Wimbo ule haukutungwa uegemee juu ya kodi tatu. Ulitungwa uongee na sauti nyingine inayokwenda njia yake yenyewe.

Je, jambo hili linawezekana kwenye gita, au ni ndoto ya mwalimu mzee? Linawezekana, tena limekwisha kufanywa, na mmoja wa waliolifanya alizaliwa hapa hapa pwani ya ziwa. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya, mkoani Mara. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Kijaluo walianza kuhamishia kwenye gita mdonoo wa nyatiti, ule unaotiririka juu juu bila kupumua, huku besi ikirukaruka chini yake. Muziki huo ukaitwa benga. Misiani alivuka mpaka akaenda Kenya, akaunda bendi aliyoipa jina la kwao, Shirati Jazz, na watu wakamwita mfalme wa benga hadi alipofariki kwa ajali ya gari huko Kisumu mwezi Mei mwaka 2006. Naam, mengi ya magita ya benga ni ya umeme. Lakini umeme haukuwafundisha vijana wale kudonoa. Walikuja na vidole vyao kutoka nyumbani, umeme ukavipaza sauti tu.

Nimewauliza wanafunzi wa madarasa kadhaa, Mwanza na Musoma, kama wanalifahamu jina la Misiani. Wachache waliolifahamu walidhani ni Mkenya. Wote, bila kumkosa hata mmoja, waliweza kunitajia wapigaji wa gita wa Ulaya na Marekani.

Mfano wa pili unatupeleka mbali kidogo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Katanga. Lakini ni mbali kwa miguu tu, kwa kuwa lugha ya nyimbo zake ni Kiswahili na sahani zake zilisikilizwa huku kwetu. Mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana aliyeitwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Wimbo wake wa "Masanga" umesikilizwa na wapiga gita wa dunia nzima, na wengi wakiusikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Alikuwa mmoja, mwenye gita kavu moja, naye alitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili! Gumba lilishika nyuzi nene na kutembeza besi. Shahada ilidonoa nyuzi nyembamba na kuimba. Huko magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipita njia iyo hiyo kwa mtindo wa omutibo, huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda yenye mikunjo, na mwenendo wa muziki wao ulifuata ngoma za isukuti za kwao.

Sasa sikiliza kioja. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alifunga safari kutoka Ulaya hadi Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, akaketi mbele ya Mwenda ili ajifunze mapigo yale kidole kwa kidole, na baadaye akaandika kitabu juu ya safari yake. Mzungu alivuka bahari kufuata vidole vya Mwafrika. Nasi walimu wa Kiafrika katika miaka hiyo hiyo tulikuwa tukinakili ubaoni michoro ya kodi tatu kutoka vijitabu vya Uingereza. Mwenda alifariki mwaka 1990. Ni mwalimu gani wa kwetu aliyewahi kumwendea?

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia katika vyumba vya walimu kwa miaka mingi. La kwanza ni la wale wasemao gita ni la wageni, na mgeni hata akipambwa hubaki mgeni. Hawa nawaheshimu kuliko wengine, kwa sababu wanalinda kitu. Nawauliza tu, muhogo ulitoka wapi? Ulitoka Amerika. Lakini nani leo atakwenda Ukerewe kuwaambia watu kwamba ugali wa muhogo si chakula chao? Wakerewe waliuchukua muhogo wakaupitisha katika mikono yao. Waliuloweka, wakauanika juu ya mawe, wakautwanga katika kinu chao wenyewe. Nao wapinzani wangu wanayo hoja ya kunijibu, na ni haki niitaje. Sangara naye aliletwa. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akanenepa, akawala furu wetu kwa mamia ya aina. Ni kweli. Gita la kodi tatu ni sangara: kila wimbo mdogo unaopita mbele yake unamezwa, na tumboni hakuna tofauti tena kati ya wimbo wa kulima, wa mazishi na wa kumbembeleza mtoto. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, haiwasaidii wao. Sangara amekwisha kuingia ziwani, hatoki. Gita limekwisha kuingia kila mtaa wa Mwanza, halitoki kwa kulaaniwa. Swali lililobaki ni kama tutaliacha limeze, au tutalitwanga kinuni.

Jibu la pili ni la wavivu, nalo husema kwamba kupiga gita kwa ufundi ni kipaji. Mwenye nacho anacho, asiyekuwa nacho aridhike na kodi zake tatu. Mtu asemaye hivi kando ya ziwa hili hajitambui yuko wapi. Amesimama katika nchi ya Bagika na Bagalu! Tangu karne ya 19 Wasukuma wamegawanyika katika vyama hivi viwili vya wacheza ngoma, kimoja kikimfuata Ngika na kingine Gumha, na ushindani wao umekuwa chuo kikali kuliko vyuo vingi vya serikali. Manju hutunga nyimbo mpya na wachezaji wake hujifunza kwa miezi, kwa sababu siku ya mashindano wasikilizaji watalihama kundi dhaifu na kukimbilia lile linalopendeza. Nenda Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, siku za sikukuu ya Bulabo, uyaone hayo kwa macho yako. Mzee wa Bagalu hamwambii kijana wake kwamba kipaji hakipo, aketi. Humwambia arudie. Ni sisi wa shuleni tulioleta neno kipaji, ili tusirudie.

Wapo pia wasemao fedha hakuna. Hao sitawajibu kwa maneno mengi. Katika ujana wetu tulitengeneza magita kwa galoni za mafuta ya kula na shingo za mbao za masanduku. Nyuzi nyembamba tulizipata kwa wavuvi, maana uzi wa nailoni wa mishipi ukivutwa vizuri hutoa sauti ya kupendeza. Nyuzi nene tulizifumua katika waya wa breki za baiskeli. Kubana nyuzi zote shingoni ili kupandisha sauti tulitumia kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira. Tangu mwaka 1967 tumehubiriwa Elimu ya Kujitegemea. Basi na ijitegemee hapa, penye wavuvi elfu na mishipi yao. Na wale wasemao kinanda cha umeme kinafanya yote kwa kubonyeza kitufe kimoja, wakibonyeze.

Niseme sasa jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu kulalamika bila kuonyesha njia ni kupiga kelele tu. Mwanafunzi anayejua kodi zake tatu hatupi kitu. Anayo nusu ya kazi mkononi, nusu ya kushoto. Tunaamsha kulia. Na ashike kodi ya Do kama alivyozoea, lakini apigwe marufuku kufagia kwa muda wa mwezi mmoja. Marufuku kabisa, kama mgonjwa aliyekatazwa chumvi. Kidole gumba kidonoe uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano tena, sawasawa kama mtu anayetembea, huku mguu ukigonga chini. Hilo tu, siku tatu au nne, hadi gumba liweze kutembea wakati mwenyewe anazungumza na jirani yake. Watu hulidharau zoezi hili kwa kuwa ni jepesi, na hapo ndipo hushindwa. Maana gumba lisilojitegemea litaanguka mara tu kidole cha shahada kitakapoanza kusema.

Gumba likikomaa, shahada huingia katika nyuzi tatu nyembamba, mwanzoni pamoja na gumba, baadaye katikati ya hatua zake. Kisha huja jambo lenyewe. Hesabu sita, tena na tena. Gumba lidonoe penye moja na nne. Shahada idonoe penye moja, tatu na tano. Mbili chini, tatu juu, katika muda ule ule mmoja. Mwanafunzi wa Ulaya hutaabika na jambo hili kwa majuma. Lakini nimemwona binti wa kidato cha pili kutoka Magu akilipata kwa dakika kumi, akaanza kucheka, kwa sababu mwili wake ulikuwa unalijua tangu utotoni katika ngoma. Ni vidole tu vilivyokuwa havijaambiwa. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi tulivyowadhulumu watoto hawa. Walikuja shuleni wakiwa wanajua jambo gumu, tukawafundisha jepesi, tukawaambia hilo jepesi ndilo maendeleo.

Hatua inayofuata ni sikio, nayo haina njia ya mkato. Wimbo uimbwe kwanza, uimbwe na mtu anayeujua, si kusomwa ubaoni. Mwanafunzi autafute kwenye nyuzi mbili nyembamba, sauti kwa sauti, kabla ya kuuliza habari ya kodi. Mara nyingi atagundua kwamba wimbo unasimama juu ya vituo viwili tu, na kwamba kodi ya tatu aliyokuwa akiilazimisha ndiyo iliyokuwa ikiuvunja. Akisikia waimbaji wawili wakienda sambamba, mmoja juu na mwingine chini yake, azitembeze sauti hizo mbili pamoja kwenye nyuzi mbili jirani, akipanda na kushuka shingoni mwa gita, badala ya kujifungia katika sehemu tatu za kwanza kama mtu aliyepangishwa chumba. Baadaye, na hili ni la wenye moyo, ahamishe wimbo kwenye nyuzi nene, gumba liimbe na shahada iitikie. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyetutoka mwaka 1979, alilifanya gita la solo lizungumze na mwimbaji kana kwamba wanajibizana barazani. Nasi tuna haki ya kudai mazungumzo hayo kwa gita kavu na mtu mmoja.

Ncha za vidole zitauma. Zitaota sugu. Nawaonya wanafunzi mapema, kwa kuwa wengi huacha juma la pili wakidhani kuna kitu walichokosea.

Nani atawafundisha? Mwanza ni mji wenye Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa muziki na sanaa nyingine. Na Taifa lina chuo cha sanaa Bagamoyo tangu mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Walimu tunao. Tunachokosa ni kumketisha mwalimu wa gita na mpigaji wa nanga au wa litungu chumba kimoja, mzee akiwa mwalimu na mwalimu akiwa mwanafunzi, na mzee alipwe kama wanavyolipwa wenye vyeti. Hili haliwezi kungoja. Yule mzee wa melini nilimtafuta miaka miwili baadaye pale Nansio, nikiwa na daftari na kinasa sauti. Nilionyeshwa kaburi. Nanga ya baba yake ilikuwa imetiwa jikoni kama kuni zamani, kabla hata hatujakutana, na katika wanawe hakuna aliyejifunza. Wimbo alioupiga juu ya maji siku ile ninao nusu tu, nao ni ile nusu ya juu. Besi yake imenipotea.

Kwa hiyo nadai mambo ambayo ni madogo. Katika mashindano ya sanaa ya shule zetu, kuanzia wilaya za kandokando ya ziwa, pawe na shindano la gita kavu la mtu mmoja, bila spika, bila kuimba, dakika tano, na wimbo uwe umepatikana kwa mzee anayetajwa kwa jina na kijiji chake. Waamuzi wawe wanne, wawili kati yao wawe wapigaji wa vyombo vya asili ambao hawajawahi kushika gita. Kijana akifagia, wamwondoe jukwaani kwa upole. Wapangwe makundi mawili yashindane mwaka hadi mwaka, ikibidi yaitwe Bagika na Bagalu, na watu waachiwe uhuru wa kulihama lile linalochosha.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuanza, kwa aibu ya mtu aliyechelewa. Kila Jumatano saa kumi jioni huketi na vijana kumi na mmoja, wenye magita manne na galoni tatu. Yule kijana wa jabalini yumo. Amemleta bibi yake mara mbili, na bibi ameuimba wimbo ule taratibu, akakataa katakata kuuimba taratibu zaidi. Sauti ya juu tumeipata. Juu ya besi bado tunabishana: wengine wanasema kituo cha pili kiwe Fa, binti wa Magu anashikilia kwamba ni Sol, na bibi, tulipomuuliza, alisema wote wawili wanakanyaga mahali ambapo mguu haukanyagi. Juma lijalo atakuja tena.